Mvinyo wa Dodoma ukifika Mwanza, chupa iende wapi?

Kwenye grosari za Igoma, bia ikiisha, chupa tupu zinapangwa kwenye kreti na kupakiwa kwenye gari linaloleta mzigo mpya. Chupa ya mvinyo haina mwenyewe. Ikibahatika itatumika kuuzia asali au mafuta ya alizeti. Isipobahatika itaishia dampo la Buhongwa, au kwenye mtaro unaomwaga Mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani.

Wanaotaka tuachane na chupa, mvinyo uuzwe kwenye boksi, wana hoja nzito. Chupa ya mililita 750 kwa kawaida ina karibu nusu kilo ikiwa tupu. Katoni ya chupa 12 ni takriban kilo 9 za mvinyo na kilo 6 za kioo, na kioo hicho kinasafirishwa kutoka Dodoma kupitia Singida na Shinyanga, takriban kilomita 700. Kabla ya hapo kimeyeyushwa kwenye tanuru la nyuzi joto zipatazo 1,500. Boksi la lita 3 lenye mfuko ndani, likiwa tupu, halifiki robo kilo. Kwa mafuta ya lori na hewa ukaa, boksi linashinda.

Ila hesabu hiyo inafaa zaidi mahali ambapo taka zinakusanywa. Mfuko wa ndani umetengenezwa kwa tabaka za plastiki zilizogandishwa pamoja, na waokota chupa wa Mwanza hawana wa kumuuzia. Wanachukua chupa za maji kwa sababu zina mnunuzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, kwa samaki walionunuliwa sokoni hapahapa Mwanza, ulithibitisha plastiki tumboni mwa sangara na sato, samaki mmoja kati ya watano kwa kila aina. Kioo kilichovunjika kinamkata mtoto mguu, na hilo si dogo, lakini hakigeuki kuwa punje za plastiki zinazoliwa na sato.

Kwa hiyo mimi nasimama upande wa chupa inayorudi. Najua ugumu wake. Bia inatengenezwa hapahapa mjini, chupa zake hazisafiri mbali. Za mvinyo zingerudi Dodoma. Kuziosha kunataka maji ya moto na magadi makali, nayo Dodoma ni kame. Tena watengenezaji wakiwa na chupa za maumbo tofauti, ni vigumu mmoja kujaza ya mwenzake. Wakikubaliana umbo moja, jepesi, ugumu huo wa mwisho unaondoka. Na zile chupa nene zenye kitako kilichobonyea sana, zinazobebwa kwa ajili ya fahari tu, sioni cha kuzitetea.

Boksi nalo liachiwe hoteli na kumbi za harusi. Huko linaisha haraka, na mifuko mitupu inabaki sehemu moja, rahisi kukusanywa. Likishafunguliwa, mvinyo wake unakaa wiki kadhaa bila kuchacha. Kwenye duka dogo lenye joto ni tofauti: hata boksi ambalo halijafunguliwa linapitisha hewa kidogokidogo, na mvinyo unachoka mapema kuliko wa kwenye chupa.

Kinachokosekana sasa ni hela ya chupa, kama tunavyoiacha dukani tukibeba soda. Ikiwekwa kwenye mvinyo, mnywaji atairudisha chupa. Akiitupa, mwokota chupa wa Mirongo ataifuata kabla mvua haijaipeleka ziwani.