Pangaboi la Spitfire Limenishinda

Anayedhani kupiga picha ni kubonyeza tu aje Duxford, kule karibu na Cambridge, siku ya maonyesho ya ndege za vita za zamani. Aje na lenzi yake ya milimita 400 inayoning'iniza shingo, na mwavuli pia, maana Julai ya Uingereza haiaminiki.

Ndege za jeti sina ugomvi nazo. Unaweka shata, yaani muda ambao kamera inafungua jicho, sekunde 1/2000, unabonyeza, picha imetulia, unaendelea na chipsi zako. Ugomvi wangu ni pangaboi, yale mapanga yanayozunguka puani mwa ndege. Ukiipiga Spitfire, ile ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita Kuu ya Pili, kwa kasi hiyo, pangaboi linaganda mpaka unahesabu mapanga yake. Nilirusha picha ya namna hiyo kwenye grupu la ukoo. Mama akaandika: "Mwanangu, hiyo ndege imezima? Rubani yuko salama?" Mjomba akawahi kumjibu: "Dada usihangaike, hiyo ya kuchezea. Wameitundika kwa uzi."

Basi wajuzi wanakwambia ushushe shata, 1/200, hata 1/125, ili pangaboi lionekane linazunguka. Haya, nikashusha. Sasa kila kitu kinacheza: mikono inacheza, pumzi inacheza, na ndege yenyewe inapita kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Inabidi uifuate kwa kuzungusha kiuno huku nyayo hazinyanyuki, kama mcheza taarabu aliyekatazwa kutoka kwenye mkeka. Pangaboi likatoka safi kabisa. Ndege haionekani.

Halafu jua. Njia ya kurukia pale imelala karibu mashariki na magharibi, na sisi watazamaji tuko kaskazini yake, kwa hiyo mchana kutwa jua linatupiga usoni. Watu wa watu wamehangaika miaka kurudishia ndege hizi zile rangi zake za kijani na kahawia. Kwangu zote zimetoka nyeusi. Ndipo hapohapo Duxford, Agosti 1938, kikosi namba 19 kilipopokea Spitfire za kwanza za jeshi la anga la Uingereza. Wao walikuwa wanamngoja Hitler. Nani angemfikiria mpiga picha?

Pembeni yangu alisimama mzee mmoja juu ya ngazi. Ngazi, jamani, kaja nayo kutoka kwake. "Hiyo injini yake Griffon," ananiambia, "pangaboi lake linazunguka kinyume na la ile injini ya zamani, Merlin. Umeona?" Babu, mimi hata hilo la upande wa kawaida sijalipata!

Ikaja Lancaster, ndege kubwa ya kudondosha mabomu. Duniani zimebaki mbili tu zinazoruka, moja hapo Uingereza na nyingine Kanada, na kila moja ina injini nne, yaani mapangaboi manne ya kunitesa kwa mkupuo. Nikavuta pumzi, kiuno kikazunguka, nikabonyeza. Kamera ikaamua yenyewe kumfuata mtoto aliyekaa mabegani kwa baba yake akilamba aiskrimu. Huyo katoka vizuri, mpaka matone kidevuni unayaona.

Nyumbani mke wangu akaipitia kadi nzima kimya. Mwishowe akasema: "Baba Asha, kwa bei ya hii lenzi si tungekwenda Tanga wote?"

Nikamwambia hata zile ndege ndogo za kwenda Tanga zina pangaboi.

Sijaandaliwa chai mpaka leo.