Kwani hii ndege ni ya nani?

Precision Air ilizaliwa hapa hapa Arusha mwaka 1993, na tangu 2003 Kenya Airways ina hisa ndani yake. Ndiyo maana kwa miaka mingi watu wamenunua tiketi yenye namba za KQ, yaani za Kenya Airways, wakafika KIA, uwanja wa Kilimanjaro, wakapandishwa ATR ya Precision. Mimi sioni ubaya. Ndege ya mapangaboi inatosha kabisa kwenda Nairobi.

Ugomvi wangu ni yale maandishi madogo ya kwenye tiketi: "inaendeshwa na".

Wamarekani wameufanya mchezo huu kuwa mfumo mzima. Ndege imeandikwa American Eagle ubavuni, lakini hakuna kampuni ya kurusha ndege yenye jina hilo. Anayerusha ni Envoy, PSA au Piedmont, ambazo ni kampuni tanzu za American Airlines, ama SkyWest na Republic, ambazo zimekodiwa tu. Abiria anauziwa jina kubwa; rubani analipwa kwa mkataba wa kampuni ndogo, na hapo ndipo penye faida yenyewe. Februari 2009 ndege yenye jina la Continental Connection, la kampuni kubwa ya Continental, ilianguka karibu na Buffalo, wakafa watu 50. Mwendeshaji alikuwa Colgan Air. Mwaka uliofuata sheria ikalazimisha jina la mwendeshaji lionekane mara tu mteja anapotafuta safari mtandaoni. Ilibidi watu wafe kwanza!

Huku kwetu wanaoumia zaidi ni wageni wa mlima. Mmoja niliyempokea alitua bila begi. Kampuni iliyomuuzia tiketi ikamtuma kwa iliyomrusha, nayo ikamrudisha kwa ya kwanza. Akapanda Kilimanjaro na viatu vya kukodi Moshi mjini (vilimbana, lakini alifika Uhuru). Hakuna aliyemwambia kwamba Mkataba wa Montreal wa 1999 unamruhusu kumdai yeyote kati ya hao wawili, aliyemuuzia au aliyemrusha. Madai ya begi lililochelewa yana mwisho, siku 21 tangu ulipokabidhiwa, na kurushwa kaunta hadi kaunta kunazila siku hizo.

Basi mawakala wa tiketi wa Arusha na Moshi wasingoje sheria. Jina la anayerusha liandikwe kwa herufi kubwa sawa na bei, kabla mteja hajalipa. Na wewe mteja, wakala akisita ukimuuliza nani anarusha, nenda duka la pili. Yapo mengi.