Tusiiachie Mashine Iwachagulie Watoto Nyimbo

Mzazi anayetafuta nyimbo mpya za kusikiliza na wanawe hakabiliwi na uhaba. Nyimbo za watoto zimejaa tele katika kila programu ya muziki, na nyingine huongezwa kila siku. Tatizo ni kwamba zinazojitokeza zenyewe huwa ni zilezile: nyimbo chache za kampuni kubwa, zenye vikaragosi maarufu, zikifuatana moja baada ya nyingine mpaka mtu azime simu. Wanamuziki huru, wale wanaotunga na kurekodi kwa gharama zao wenyewe, wapo wengi, na baadhi yao hufanya kazi bora kabisa katika fani hii. Naamini kwamba mapendekezo ya mashine hayatatufikisha kwao, na kwamba mzazi hana budi kuwatafuta kwa majina, jina moja likimwongoza kwa jingine.

Sababu ya kwanza inatokana na tabia ya watoto wenyewe. Mtoto akiupenda wimbo huutaka tena na tena, asubuhi na jioni, na kila unapopigwa mashine huuhesabu upya. Hesabu hiyo ndiyo inayochangia kuamua wimbo upi upendekezwe kwa familia nyingine, ambako mtoto mwingine ataurudia vivyo hivyo. Mnamo Januari 2022, video ya “Baby Shark” ya Pinkfong, chapa ya watoto kutoka Korea Kusini, ilikuwa ya kwanza katika YouTube kutazamwa mara bilioni 10. Sina ugomvi na wimbo huo, na sioni kwa nini mtoto anyimwe kinachomfurahisha. Hata hivyo, idadi ya aina hiyo hupima marudio zaidi ya inavyopima ubora, na mwanamuziki aliyetoa albamu yake mwezi uliopita hana marudio yoyote ya kuanzia.

Sababu ya pili ni ya kifedha, na haizungumzwi sana. Mwaka 2019, Google, kampuni inayoimiliki YouTube, ilikubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani katika shauri la ukusanyaji wa taarifa za watoto. Tangu Januari 2020, video zilizotambulishwa kuwa ni za watoto haziwekewi matangazo yanayomlenga mtazamaji binafsi, na sehemu ya maoni imefungwa. Naunga mkono uamuzi huo bila kusita, kwa kuwa watoto si soko la kuchunguzwa. Lakini kampuni yenye wanasesere, fulana na maonyesho ya kuuza huweza kuvumilia upungufu wa mapato ya matangazo, ilhali mwimbaji mwenye gitaa na kipaza sauti kimoja hupoteza kipato pamoja na ile njia rahisi ya kusikia neno kutoka kwa wasikilizaji wake. Spotify nayo, programu ya kusikiliza muziki, tangu mwaka 2024 hailipi mrabaha wa rekodi kwa wimbo ambao haujafikisha angalau mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12.

Kwa nini basi mtu ajisumbue? Kwa sababu mengi yaliyo bora katika muziki wa watoto yalianzia kwa watu wa namna hii. Mwaka 1948 Moses Asch alianzisha lebo, yaani kampuni ya kurekodi na kuuza muziki, ya Folkways jijini New York, akirekodi sauti ambazo kampuni kubwa hazikuziona kuwa na faida. Lebo hiyo ndiyo iliyotoa albamu ya kwanza ya Ella Jenkins, mwimbaji wa watoto wa Marekani, mwaka 1957. Jenkins, aliyefariki Novemba 2024 akiwa na umri wa miaka 100, alijenga kazi yake yote juu ya kuimba kwa kupokezana: kiongozi anatoa mstari, watoto wanaitikia. Alipiga ukulele na harmonika, akaimba bila haraka, na akaacha nafasi ya kutosha kwa mtoto kuvuta pumzi, kufikiri na kujibu. Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, iliponunua Folkways mwaka 1987 iliahidi kwamba rekodi zote za lebo hiyo zingeendelea kupatikana, na ndiyo maana hata leo mzazi anaweza kuisikiliza kazi hiyo ya mwaka 1957.

Nafasi hiyo ya kuitikia ndiyo kipimo changu cha kwanza ninaposikia jina jipya. Nyimbo nyingi zinazotengenezwa kwa ajili ya skrini zimejaza kila sekunde kwa vinanda, vicheko na milio, kwa hiyo mtoto hana la kufanya isipokuwa kutazama. Wimbo uliotungwa na mtu anayewaimbia watoto ana kwa ana hutambulika upesi, maana mtunzi huyo alishaona ni mahali gani watoto hupiga makofi, mahali gani huchoka, na ni mstari upi wanaopenda kuubadilisha wenyewe. Kipimo cha pili ni chepesi zaidi: nani ameimba? Zipo albamu nyingi mno za nyimbo za asili zilizorekodiwa kwa ala za kompyuta, zisizotaja mwimbaji wala mpigaji hata mmoja. Mimi huziruka. Penye majina pana mtu wa kumfuata, na wapigaji waliomsindikiza mara nyingi wana kazi zao pia.

Kufuata majina hulipa kuliko inavyodhaniwa. Raffi, mwimbaji wa Kanada, alitoa albamu yake ya kwanza ya watoto mwaka 1976 kupitia lebo yake mwenyewe, Troubadour, na kwa miaka yote amekataa jina na nyimbo zake zitumike kuwauzia watoto bidhaa. Dan Zanes alikuwa kiongozi wa bendi ya roki ya The Del Fuegos kabla ya kugeukia muziki wa familia nzima kupitia lebo yake ya Festival Five, na mwaka 2007 akashinda Grammy, tuzo kubwa ya muziki ya Marekani. Albamu zake zimejaa wageni wanaoimba kwa lugha na mitindo tofauti, na kila mgeni ni mlango wa kupitia kwenda kwingine. Lebo ndogo zina faida hiyohiyo, kwa kuwa anayechagua albamu chache kwa mwaka analazimika kuwa na sikio lake mwenyewe.

Orodha za tuzo zinasaidia, ila zisomwe kwa tahadhari. Majina matano yalipotangazwa mwishoni mwa 2020 kuwania Grammy ya albamu ya watoto, wateule wote walikuwa weupe, na watatu kati yao waliomba majina yao yaondolewe kwa sababu hiyo. Mwaka 2022 tuzo ilikwenda kwa Falu, mwimbaji mzaliwa wa Mumbai, na mwaka 2024 kwa 123 Andrés, wawili wanaoimba kwa Kihispania na Kiingereza. Napendekeza kusikiliza wateule wote na kutoishia kwa mshindi, kisha kuwauliza wakutubi wa sehemu za watoto katika maktaba, ambao kila wiki huwaona watoto wakizikubali au kuzikataa nyimbo.

Ukishampata unayempenda, nunua albamu yake. Bandcamp, tovuti ambako wanamuziki huuza kazi zao moja kwa moja kwa wasikilizaji, hukata asilimia 15 ya bei ya muziki wa kidijitali, nayo hupungua hadi 10 kwa wenye mauzo makubwa, na sehemu kubwa ya kinachobaki humwendea mwanamuziki. Albamu moja iliyonunuliwa hivyo humwingizia zaidi ya mamia ya marudio katika programu za kusikiliza. Faida nyingine, ambayo kwangu ni kubwa vilevile, ni kwamba faili ulizopakua hazina pendekezo linalofuata: albamu ikiisha, imeisha.

Mtoto akiikataa siku ya kwanza, hilo lisichukuliwe kuwa hukumu. Watoto wengi hukataa kwanza wasichokijua, na anayeketishwa chini na kuambiwa asikilize hukataa kwa nguvu zaidi. Albamu mpya ipigwe wakati anachora au anapanga vitu vyake, bila kutangazwa, kisha irudiwe baada ya siku chache. Akianza kuudai wimbo mmoja tu kati ya kumi na mbili, apewe huohuo, na zile kumi na moja nyingine zisikilizwe na wakubwa.