Kuni kavu Mtwara: faida ipo, ila iko Desemba

Pita nyuma ya soko kuu asubuhi ya Januari, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, utamkuta mama ntilie ameinamia mafiga, macho mekundu, anapuliza. Ukuni umeshika moto upande mmoja. Upande wa pili, kwenye ncha, linatoka povu jeupe linalochemka na kulia chiii. Lile povu ni maji. Ameyanunua, ameyalipia usafiri, na sasa anayachemsha kabla hajachemsha chai ya wateja.

Kijana mmoja jirani yangu hapa Chuno ameamua maji hayo ayaachie jua. Ananunua matawi ya mikorosho yaliyopogolewa, anayapasua, anayapanga kwenye uchaga chini ya bati, kisha anasubiri miezi. Anataka kuuza kuni kavu za daraja la kwanza na kumfikishia mteja mlangoni kwa toyo, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Tumebishana tangu Juni. Nilianza nikiamini anapoteza muda. Sasa naona nusu ya mawazo yake ni sahihi kuliko yangu, na nusu iliyobaki inaweza kumfilisi.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayowafanya wauza kuni wengi waikwepe kazi hii. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake huwa ni maji. Chukua kilo 100 za kuni za namna hiyo: kilo 50 mti, kilo 50 maji. Zikaushe mpaka unyevu ubaki asilimia 20, ambapo ukuni unastahili kuitwa mkavu, na mzani utasoma kilo 62 na nusu. Kilo 37 na nusu zimekwenda na upepo. Umezinunua na hutaziuza. Anayeuza kwa uzito hana sababu ya kukausha. Anayeuza kwa fungu hana sababu vilevile, kwani fungu hupimwa kwa macho, na kwa macho kuni mbichi na kavu ni mamoja.

Hapo jirani yangu hunijibu kwamba kilo ya kuni kavu inatoa joto karibu mara mbili ya kilo ya kuni mbichi. Ni kweli, ila ni kweli ya muuzaji. Kwa megajuli, kipimo cha joto, kilo ya ukuni wenye nusu maji hutoa 8 hivi. Ukikauka hadi asilimia 20 hutoa 14 na ushee. Sasa rudi kwenye zile kilo 100. Zilipokuwa mbichi zilibeba megajuli 800. Zimekauka, zimebaki kilo 62 na nusu, na zina kama megajuli 890. Magogo ni yaleyale, joto limeongezeka kwa sehemu ya kumi tu. Ukimwahidi mama ntilie kwamba atatumia nusu ya kuni anazotumia leo, na yeye ananunua kwa fungu, umemdanganya, na wiki ya pili atajua.

Faida yenyewe iko kwenye moshi, masizi na saa. Ukuni mbichi moto wake ni dhaifu, haufiki ukali wa kuunguza moshi wake wenyewe, hivyo moshi unapanda na mafuta yake, unaganda chini ya sufuria na kuingia machoni. Ukuni mkavu unashika haraka na sehemu kubwa ya moshi huo inaungua na kuwa joto. Kwa anayesonga ugali wa watu watano, tofauti hiyo ni kero ya dakika ishirini, na kero watu wameizoea. Kwa mwoka mikate, tanuri likichelewa saa moja, maandazi ya washindani wake yameshafika magengeni. Na kwa mpishi wa sherehe mwenye masufuria manne ya ubwabwa, wageni wameshakaa mkekani na bwana harusi anachungulia jikoni, kuchelewa saa moja ni kuharibu jina lake. Nimemwona mpishi wa namna hiyo Shangani akikagua mzigo kabla ya kulipa. Alichomoa vipande viwili kutoka katikati, siyo juu, akavigonganisha. Vikalia ko! Akapokea. Mzigo uliotangulia, wa muuzaji mwingine, ulilia du, kama mtu anapiga mto, na toyo lilirudi na kuni zake.

Kwa hiyo mteja wa biashara hii ni mtu anayenunua moto, siyo fungu. Watu hao Mtwara wapo, lakini si wengi: wenye matanuri, wapishi wa shughuli, wachoma nyama, wakaanga samaki kule feri, na hoteli chache. Anayepanga kuuzia kila nyumba ya Magomeni na Chikongola anapanga kugombana na bei ya kuni za baiskeli, na baiskeli haili mafuta.

Hoja iliyonitikisa mimi ni kalenda. Mikorosho hupogolewa baada ya mavuno, na mvua zikikatika mwezi wa tano matawi yako chini ya miti, mkulima anatafuta pesa ya salfa, dawa ya mikorosho, na ya vibarua wa kuipulizia. Huo ndio wakati wa kununua, naye muuzaji anafurahi kuondolewa takataka shambani. Kuanzia hapo upepo wa kusi na jua vinafanya kazi bure mpaka Oktoba. Kisha minada ya korosho inaanza, fedha zinaingia vijijini, harusi na jando zinajipanga kuelekea Desemba, na mvua nazo zinarudi. Mwezi ambao mteja ana hela ndio mwezi ambao kuni za kila mtu mwingine zimelowa. Sijui biashara nyingi za mtaji mdogo ambazo ununuzi wake unaangukia njaa ya muuzaji na mauzo yake yanaangukia shibe ya mnunuzi namna hii. Akinamama wanaonunua mahindi wakati wa mavuno na kuyaficha wanaielewa hesabu hii bila kuelezwa.

Lakini kalenda haimalizi kazi. Kuni zilizokauka Septemba, zikiachwa wazi Desemba, zinarudisha unyevu. Hewa ya pwani wakati wa mvua ni nzito. Zikigusa ardhi, mchwa hawasubiri mwaliko. Ni lazima bati, uchaga ulioinuliwa juu ya matofali, na nafasi ya upepo kupita kati ya safu. Kiwanja cha kufanyia hayo mjini kina kodi, nacho nje ya mji kina wezi. Usafiri nao: kuni ni mzigo wa kujaza chombo kabla hazijakizidi uzito. Toyo likipeleka kuni Mikindani, kilomita kama 10, na kurudi tupu, sehemu nzuri ya faida imekunywewa petroli.

Kuna jambo lingine ambalo jirani yangu hapendi nilitaje. Mkorosho si kuni ya daraja la kwanza. Mbao yake ni nyepesi, inawaka vizuri na kwisha upesi, makaa yake hayakai. Mwembe unafanana nao kidogo, mkwaju ni afadhali sana, mvinje ni moto wa uhakika. Mpishi akishaonja kuni nzito atazitaka tena, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu kuni nzito kwa wingi ziko katika misitu ya miombo na kwenye mikoko. Mikoko ni hifadhi, na ile ya kule mto Ruvuma unapoingia baharini iko ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000. Mtu anayeanza na matawi ya korosho, akaongozwa na sifa za wateja, miaka miwili baadaye anaweza kujikuta anapakia mikoko usiku. Wapinzani wa biashara hii wakisema kuni bora huleta njaa ya kuni bora zaidi, sina jibu zuri la kuwapa. Nina jibu la karatasi tu: chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 mazao ya misitu yanakwenda kwa vibali, na hata kama matawi yametoka shambani kwa mjomba, yakiwa barabarani watu wa maliasili watauliza karatasi. Afadhali kuuliza ofisi ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, mwezi wa tano kuliko kujieleza kwenye kizuizi cha barabarani mwezi wa kumi.

Halafu gesi. Sisi wa Mtwara tuna kejeli yetu hapa: gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, inasafishwa Madimba na kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, wakati mtungi wa kilo 6 tunaopikia ni gesi nyingine, iliyokuja kwa meli kutoka nje. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ifikapo mwisho wake, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimeshaagizwa kuachana na kuni na mkaa. Shule na magereza, wateja wakubwa wa kuni wa zamani, usiwaweke kwenye daftari lako. Mpishi wa harusi bado hana jiko la gesi la kubeba sufuria la kilo 50 za mchele. Atalipata siku moja. Sidhani ni mwaka huu wala ujao, na biashara hii ihesabiwe kwa miaka ya namna hiyo, siyo ya kurithisha watoto.

Ndiyo sababu tulipogombana kweli haikuwa juu ya mikorosho wala gesi. Ilikuwa juu ya mkopo. Alitaka kukopa ili aongeze uchaga wa pili, na aliyekuwa tayari kumpa haraka ni wale wa rejesho la kila wiki. Rejesho linaanza wiki ijayo, kuni zinauzwa baada ya miezi mitano. Nilimwambia kausha damu, kama tunavyoiita mikopo hiyo, haijawahi kukausha kuni. Alicheka, akanuna siku tatu, kisha akaacha. Uchaga ni mmoja, umejaa pesa zake mwenyewe na za shamba la mama yake, na ikitokea mwaka mbaya atapikia nyumbani.

Kila Jumamosi anapima kipande kimoja alichokitia alama ya chaki. Kiliingia kikiwa na kilo 4, kibichi. Uzito ukigota kwenye kilo 2 na nusu, ndipo uchaga utafunguliwa. Wiki iliyopita mzani wa kuku alioazima kwa jirani ulisoma kilo 2 na gramu 700. Mwoka mikate wa Mikindani amepiga simu mara mbili, ana pesa mkononi, anasema zinatosha hivyo hivyo. Toyo bado limeegeshwa.