Kuripoti kodi ukiwa ng'ambo: adhabu imfuate nani?

Wengi wanaohamia ng'ambo huamini kwamba wakishaondoka, habari za kodi ya nyumbani zimekwisha. Sivyo. Nchi nyingi hutoza kwa kuangalia ukaazi: siku ulizokaa, mara nyingi kipimo kikiwa 183 kwa mwaka, na mahali ilipo familia yako na shughuli zako. Anayeondoka kimya anaweza kudaiwa na nchi mbili kwa pamoja. Mikataba ya kuzuia kutozwa mara mbili husaidia, ila haimwondolei kazi ya kujaza ritani, yaani fomu ya kutangaza mapato yake kwa mamlaka ya kodi.

Marekani imekwenda mbali zaidi, kwani hutoza raia wake popote walipo. Raia mwenye akaunti za benki nje ya Marekani ambazo jumla yake imezidi dola 10,000 wakati wowote katika mwaka lazima aziripoti, hata kama hadaiwi kodi yoyote.

Wanaotetea utaratibu huu wana hoja nzito. Mshahara wa mfanyakazi hukatwa kodi kabla haujamfikia. Kwa nini mwenye mali aifiche kwenye benki ya mbali? Ndiyo maana tangu 2017 nchi nyingi hubadilishana taarifa za akaunti chini ya kanuni za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wengi wa wanachama wake ni nchi tajiri. Hilo naliunga mkono bila kusita.

Ninapogoma ni kwenye faini. Alexandru Bittner, Mmarekani aliyerudi Romania alikozaliwa, alichelewa kuripoti akaunti zake za miaka mitano. Serikali haikudai kwamba alikusudia, lakini ilimpiga faini ya dola milioni 2.72, yaani dola 10,000 kwa kila akaunti kila mwaka. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba faini ihesabiwe kwa kila ripoti ya mwaka, si kwa kila akaunti, ikashuka hadi dola 50,000. Bittner ni mfanyabiashara mwenye uwezo, angeweza kugharimia mawakili. Muuguzi au mwalimu angefanyaje?

Ni haki kusema kwamba mlango wa kujirekebisha upo: aliyeko nje na hakukusudia anaweza kuwasilisha ritani za miaka 3 na ripoti za akaunti za miaka 6 bila adhabu. Lakini hufungwa pindi ukaguzi unapoanza, na asiyejua wajibu wake hawezi kuuwahi. Serikali inayotoa pasipoti inaweza kumpa mtu maelezo hayo siku hiyo hiyo, kwa lugha nyepesi, kabla hajasafiri.