Kiwanja cha mazoezi ya kikapu chuoni: tuhesabu ringi, viti vingoje

Chuo cha hapa Zanzibar kinapotengewa fedha za kiwanja cha mpira wa kikapu, mchoro wa kwanza kuwekwa mezani mara nyingi huwa na jukwaa la watazamaji, geti na pahala pa mgeni rasmi. Ringi ni mbili, kama kawaida. Naona hapo ndipo tunapopotea. Timu ya chuo ina mechi chache kwa mwaka, lakini mazoezi ni wiki nenda wiki rudi, na kiwanja cha mazoezi kina kazi moja tu: kila mchezaji aondoke jioni akiwa ameushika mpira na kurusha mara nyingi kadiri inavyowezekana.

Marekani walishalitenganisha jambo hili. Chuo Kikuu cha Connecticut, alikochezea Hasheem Thabeet kabla ya kuchaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies katika drafti (uteuzi wa wachezaji wapya) ya NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, ya 2009, kilikuwa tayari na ukumbi wa mechi, Gampel Pavilion. Hata hivyo mwaka 2014 kikafungua jengo jengine jirani, la mazoezi tu, wanaume na kiwanja chao, wanawake na chao. Fedha za jengo kama lile hatuna, na wala si jengo tunalolihitaji. Tunachohitaji ni kule kupima kiwanja kwa kazi ya mchezaji badala ya idadi ya watu watakaokaa pembeni.

Tufanye hesabu. Ringi moja, mmoja akirusha na mmoja au wawili wakiokota, kwa zamu, inapokea mitupo kama 12 kwa dakika bila mipira kugongana hewani. Timu ina watu 15. Kocha akitenga dakika 20 za kurusha, ringi mbili zinatoa mitupo 480, sawa na 32 kwa kila mtu, na muda mwingi wamesimama kwenye foleni. Ringi sita zinatoa 1,440, yaani 96 kwa kila mtu, kwa dakika zile zile. Mazoezi ya mwezi mzima yanageuka kwa sababu ya nguzo nne za ziada, ambazo gharama yake ni ndogo sana mbele ya jukwaa la zege.

Ringi nne hizo zinakaa ubavuni, mbili kila upande. Kiwanja ni mita 28 kwa 15. Ukikigawa nusu kwa nusu unapata viwanja viwili vya kukingama, kila kimoja mita 15 kwa 14. Kwa hiyo nguzo ya ubavuni inasimama mita 7 kutoka kila mstari wa mwisho. Ubao wa ringi kuu huingia ndani ya kiwanja mita 1.20 kutoka mstari wa mwisho. Ubao wa ubavuni usifuate kipimo hicho. Uso wake uishie juu ya mstari wa pembeni au nje yake kidogo, la sivyo siku ya kucheza kiwanja kizima pasi ndefu zitagonga mbao na mrushaji wa pointi tatu atakuta chuma mbele ya macho yake. Fundi asipoelezwa hili mapema atakata mikono yote sita ya chuma inayobeba mbao kwa kipimo kimoja.

Kisha jua. Kiwanja kilale kaskazini–kusini kwa urefu, kwa sababu mazoezi yetu yako baina ya Alasiri na Magharibi, wakati jua limeshuka magharibi na linapiga usawa wa macho. Kwa ringi kuu hapo umeshasalimika. Ringi za ubavuni ndizo zinazotazama mashariki na magharibi, na anayerusha kuelekea zile za magharibi saa 11 jioni haoni kitu. Dawa ni ukuta au wavu mzito wa kivuli upande wa magharibi, na kocha kuanza na ringi za mashariki mpaka jua lipungue. Mti usipandwe karibu. Mkungu unamwaga majani mapana yanayoteleza, mvinje unajaza vijiti vyake kwenye maungio ya sakafu, na mizizi ya mwembe itainua zege.

Sasa sakafu, maana fedha nyingi huzama hapa na makosa mengi huzaliwa hapa. Ukiongeza mita 2 za usalama kila upande, eneo ni mita 32 kwa 19, yaani mita za mraba 608. Zege la sentimita 12 linahitaji mita za ujazo 73. Kwa mifuko saba ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, hiyo ni saruji mifuko 510 hivi, kabla ya misingi ya nguzo na upotevu. Mtu akikuletea makadirio ya mifuko 300, muulize unene atakaopunguza au mchanganyiko atakaoufifisha, maana lazima kimoja kati ya hivyo.

Mchanga wenye chumvi hauingii hapa, wala maji ya kisima cha pwani yanayokoleza ulimi. Chumvi inakula nondo ndani kwa ndani, na siku utakapoiona, zege limeshapasuka na kuachia vipande. Mawe yetu ya matumbawe na kifusi chake ni kizuri kwa kujazia chini, sentimita 15 hadi 20, kikimwagiwa maji na kushindiliwa kwa mashine tabaka kwa tabaka. Kwa zege lenyewe afadhali kokoto ngumu ya kutoka bara, kwa kuwa ya matumbawe ina vitundu vingi, inanyonya maji na inavunjika upesi. Pemba kuna la ziada: viwanja vingi ni vya mteremko, kwa hiyo upande mmoja unachongwa na wa pili unajazwa. Udongo uliojazwa hushuka taratibu, uliochongwa haushuki, na ufa unapita pale pale viwili vinapokutana. Upande wa kujaza ushindiliwe tabaka zisizozidi sentimita 15, upitiwe na mvua za msimu mmoja ikiwezekana, ndipo zege limwagwe.

Juu ya kifusi tandika nailoni nzito, kisha wavu wa nondo. Wavu huo ukiachwa tu juu ya nailoni, vibarua wataukanyaga na utabaki chini ya zege bila kazi yoyote. Uwekwe juu ya vitofali vidogo vya sentimita 6, na mtu mmoja awe kazi yake ni kuuangalia wakati toroli zinapita. Mwaga kwa mistari mitano ya upana wa mita 3.8, kwa kuruka: wa kwanza, wa tatu, wa tano, kisha iliyobaki. Kila mstari unakula mita za ujazo 14.6, kazi ya siku moja kwa mashine mbili za kukorogea. Mteremko ni asilimia 1 kutoka ubavu mmoja hadi mwengine, yaani tofauti ya sentimita 19, na mfereji upande wa chini. Usiufanye mteremko wa kwenda kwenye ringi kuu, maji yatasimama pale pale watu wanaporuka na kutua.

Uso wa zege usisuguliwe mpaka ung'ae. Sakafu inayong'aa ikipata vumbi na jasho ni barafu. Wala usiachwe mkali kama wa kituo cha daladala, kwani utakula mipira, viatu na magoti. Isawazishwe kwa mashine, kisha ipitishwe brashi laini mara moja, upande mmoja. Maungio yakatwe kwa msumeno kila mita 4, kina cha sentimita 3, siku hiyo hiyo usiku au asubuhi inayofuata. Ukichelewa zege litajichagulia lenyewe pa kupasukia. Upepo wa kusi unakausha uso wa zege kabla ya ndani, kwa hiyo anza alfajiri, na magunia mabichi yalale juu kwa siku 7 kamili. Rangi isubiri siku 28.

Nguzo za ringi zichimbiwe kabla ya zege la sakafu: shimo la mita 1 kwa 1, kina cha mita 1.2, na msingi wake utenganishwe na sakafu kwa ukanda wa foamu, ili mtikisiko wa danki (mchezaji kuruka na kuupachika mpira ringini kwa mkono) usihamie kwenye zege. Bomba liwe la inchi 6, lenye unene wa milimita 5 au zaidi, na lichovywe zinki baada ya kuchomelewa. Kupaka rangi ya fedha juu ya chuma kitupu katika hewa yetu ya bahari ni kununua kutu. Kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zinataka nguzo ikae mita 2 nyuma ya mstari wa mwisho, hivyo mkono mpaka uso wa ubao ni mita 3.20. Ni mrefu na mzito, na mafundi hupenda kuufupisha. Ukifupishwa, anayekimbilia ringi kwa kasi anaishia kwenye chuma. Kama fedha haitoshi kwa mkono kamili, punguza popote pengine, na hata hivyo nguzo ivalishwe godoro mpaka urefu wa mita 2.

Urefu wa ringi ni mita 3.05 kutoka sakafu iliyokamilika, chini ya ringi hiyo hiyo. Sentensi hii inastahili kubandikwa ukutani. Nguzo nyingi husimamishwa udongo ukiwa mtupu, kisha zege linaongezwa, na ringi inabaki mita 2.93. Vijana wanazoea, wanafunga kila kitu, halafu wanakwenda kucheza ugenini na mitupo yote inaangukia fupi. Na kwa kuwa sakafu ina mteremko, ringi za ubavu wa juu na za ubavu wa chini kila moja ipimwe kwa sakafu yake. Ringi ni sentimita 45 kwa ndani, ya chuma laini cha mviringo. Nondo yenye mikunjo inachana nyavu. Ubao ni mita 1.80 kwa 1.05.

Mistari ni ya sentimita 5. Hakikisha pembe kwa kupima kona hadi kona: mita 31.76 pande zote mbili. Pointi tatu ni mita 6.75 kutoka chini ya katikati ya ringi, na pembeni mita 0.90 kutoka mstari wa ubavu. Fundi akinakili kiwanja cha zamani atakuchorea 6.25 na eneo la ndani lenye umbo la trapeza, vitu ambavyo FIBA iliviacha mwaka 2010. Rangi ya mafuta haifai kwa mistari, inateleza. Tumia ya akriliki iliyochanganywa mchanga laini.

Taa nazihesabu kuwa lazima. Baina ya Alasiri na Magharibi tuna saa mbili na kidogo, timu ya wanaume na ya wanawake haziwezi kugawana muda huo bila mmoja kudhulumiwa, na anayedhulumiwa tunamjua. Mwezi wa Ramadhani hakuna mazoezi ya maana mpaka baada ya tarawehe. Nguzo nne za mita 8 hadi 10, mbili kila ubavu, kila moja na taa tatu za LED za wati 200: jumla kilowati 2.4, yaani yuniti 5 hivi za umeme kwa saa mbili. Taa zisikae nyuma ya ringi, mrushaji atakuwa anatazama moto.

Wasichana wetu wanahitaji zaidi ya muda. FIBA iliruhusu kufunika kichwa mwaka 2017, kwa hiyo kanuni si kikwazo tena. Kikwazo ni kiwanja kilicho wazi barabarani. Uzio wa mita 3, uliozibwa mpaka mita 2, pamoja na choo na chumba cha kubadilishia nguo kilicho karibu, utawaleta wengi kuliko hotuba yoyote. Na mipira namba 6 inunuliwe kwa ajili yao, wasirithi namba 7 zilizochakaa za wanaume. Mpira mmoja kwa watu wawili ndio wa chini kabisa.

Paa? Lije baadaye. Masika ya Machi hadi Mei yatakula siku kadhaa, ni kweli, lakini bati juu ya kiwanja chenye ringi mbili ni kivuli cha foleni. Wekeni tu misingi ya nguzo za paa nje ya mita zile 2 za usalama sasa hivi, wakati shimo bado ni rahisi. Tunguu, ambako vyuo vikuu viwili ni majirani, ingekuwa busara hata kuzungumza paa la pamoja.

Matunzo ni kazi ya mtu mwenye jina na ufunguo: kila mwezi kuosha ringi na boliti kwa maji yasiyo na chumvi, kukaza nati, kupaka grisi, kubadili wavu uliooza kwa jua. Wavu wa mnyororo tusiununue, unashika kutu na kukata vidole.

Mkandarasi asilipwe yote siku ya makabidhiano. Jaza maji sakafuni, subiri saa moja, na popote maji yanapofunika sarafu iliyolazwa, patiwe alama ya chaki. Weka ubao ulionyooka wa mita 3 sehemu mbalimbali. Uwazi chini yake usizidi milimita 3. Kisha sehemu ya malipo ibaki mkononi mwa chuo mpaka masika ya kwanza yapite, na wakaguzi warudi na tepu ile ile, wapime ringi zote sita upya.