Kufuli mbili Kenya, saini moja Marekani

Mkisikia kwamba huku Virginia mwanafunzi hupewa mtihani wakati mwingine akaufanyie nyumbani, bila msimamizi, msicheke kwanza. Najua mnachowaza. Sisi tumekulia kwenye mwakenya: vikaratasi vilivyokunjwa ndani ya soksi, fomula zilizoandikwa pajani, na msimamizi anayezunguka chumbani kama askari jela. Kijana wangu yeye, akimaliza, huandika mwenyewe mwishoni mwa karatasi kwamba kwa heshima yake hakutoa wala kupokea msaada, anatia saini, basi.

Desturi hiyo ni ya zamani. Chuo Kikuu cha Virginia kiliianza mwaka 1842, miaka miwili baada ya mwanafunzi kumpiga risasi profesa John Davis na kumuua. Anayeshtakiwa kwa udanganyifu husikilizwa na wanafunzi wenzake, na kwa zaidi ya karne moja adhabu ilikuwa moja tu: kufukuzwa. Wanafunzi wenyewe ndio walioilegeza kwa kura mwaka 2022.

Wapo Wakenya wa huku wanaosema kwamba hayo yanaonyesha Mzungu ni mwaminifu na sisi ni wezi. Mimi nawauliza: zile insha za kununua kwenye mtandao zinaandikwa na nani, na kwa ajili ya nani? Vijana wetu wenye digrii zisizowapa kazi wanakesha mbele ya laptopu wakiwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Mnunuzi anaamka, anaipakua kazi, anatia saini yake ya heshima na kupewa alama. Biashara hiyo ilinoga hadi sheria ikatungwa mwaka 2022 kuipiga marufuku England. Kwa hiyo saini peke yake haimzuii mtu.

Na kufuli zetu hazikuja bure. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya 2015 watahiniwa zaidi ya 5,000 walifutiwa matokeo. Mwaka uliofuata, chini ya waziri Fred Matiang'i, karatasi zilifungiwa kwenye makontena yenye kufuli mbili, polisi wakiyalinda, na waliopata A wakashuka kutoka zaidi ya 2,600 hadi 141. Dawa iliingia, hilo silibishi. Mtihani mmoja ukiamua maisha ya mtoto, nani atauacha mezani na kuondoka? Huku alama hukusanywa mwaka mzima kwa majaribio, insha na miradi, na hakuna serikali yenye polisi wa kutosha kusimamia yote hayo. Saini ipo kwa sehemu kwa sababu ulinzi mwingine hauwezekani.

Hapo ndipo nina neno na nyumbani. Mtihani wa Gredi ya 9, KJSEA, unachukua asilimia 60 ya alama za kuingia sekondari ya juu. Asilimia 20 ni ya KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6, na 20 iliyobaki inatokana na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Sehemu hiyo ya mwisho haina kontena. Mradi unaletwa nyumbani, saa tano usiku mama anakata katoni na kuibandika gundi, baba ametumwa saiba kuchapisha picha, na mwenye mradi amelala zamani. Asubuhi anabeba kazi nzuri ajabu. Wazazi hao hao wangemripoti mwalimu anayeuza karatasi za mtihani, lakini hapo hawaoni kosa lolote, na pengine mwalimu atawasifu.

Sitaki tulete kiapo cha Virginia jinsi kilivyo. Ningeanza na mwalimu kusema mapema ni msaada gani unaruhusiwa: kununua gundi sawa, kukata na kubandika hapana. Kisha mtoto aandike mwenyewe nyuma ya kazi yake nani alimsaidia, katika sehemu gani, bila kunyang'anywa alama kwa kusema ukweli. Na siku ya kuileta aulizwe maswali mawili mbele ya darasa: hiki umekitengenezaje, na kwa nini umekiweka hapa? Aliyelala saa tatu hatakuwa na jibu.